Kaa la Moto Ndani ya Gogo: Mhadhara Kuhusu Mti wa Brazili



Mbele yangu zipo glasi tatu. Nusu saa iliyopita nilimwagia maji ya moto vipande vya mti, kila kimoja si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, kisha nikayagawa maji hayo katika glasi hizi. Kama mnavyoona, yote yana rangi moja, wekundu mwepesi kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji. Sasa naminya ndimu katika glasi ya kwanza. Tazameni: wekundu unakimbia, yamebaki maji ya manjano kama chai ya mchaichai. Glasi ya pili siigusi. Katika ya tatu natia magadi, haya haya mnayolainishia maharage, punje chache tu. Mama mmoja hapo mbele amesema “Subhanallah”, na mimi nasema naye. Yamekuwa mekundu yanayoelekea zambarau, yamekolea kiasi kwamba huoni kidole changu upande wa pili.

Vipande hivi vimetoka Kerala, pwani ya Malabar huko India, ambako watu huvitia katika maji ya kunywa yanapochemshwa, na kwenye meza ya chakula unakuta jagi la maji ya rangi ya waridi. Aliniletea rafiki aliyesoma huko. Ni vipande vya mti unaoitwa sapani. Mti ninaotaka kuuzungumzia leo ni ndugu yake wa ng'ambo ya pili ya dunia, na rangi yao ni ileile. Wakemia wanaiita brazilini. Cha huo wa ng'ambo ninacho kipande kimoja tu, urefu wa nusu penseli, nilichopewa na fundi wa pinde za fidla kutoka katika mabaki ya gogo alilorithi kwa babu yake. Tutakifikia.

Mtaniuliza: mti wa Brazili unatuhusu nini sisi wa Kilwa Masoko? Unatuhusu kwa sababu ya safari moja. Tarehe 9 Machi 1500 meli 13 ziling'oa nanga Lisbon chini ya Pedro Álvares Cabral, zikielekea India kwa njia aliyoifungua Vasco da Gama. Katika bahari ya Atlantiki zilipinda sana upande wa magharibi, na tarehe 22 Aprili zikaiona nchi ambayo haikuwamo katika ramani zao. Zilikaa siku kumi hivi, meli moja ikarudishwa Ureno na habari, zilizobaki zikaendelea. Dhoruba ikazamisha nne kabla hazijaizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mwishoni mwa Julai meli 6 zilitia nanga hapo nje, ng'ambo ya mkondo huu, mbele ya Kilwa Kisiwani. Cabral alitaka dhahabu ya Sofala. Mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahimu, hakuwa na sababu ya kumwamini, na wakaachana bila mapatano. Mwanzoni mwa Agosti walikuwa Malindi, wakapewa rubani, na Septemba wakafika Calicut, ambayo iko Kerala.

Kwa hiyo mabaharia walewale, ndani ya miezi mitano, walifika katika pwani ya mti wa brazili, katika pwani ya mpingo, na katika pwani ya mti uliotia rangi glasi hizi. Macho yao yalikuwa kwenye pilipili na dhahabu.

Mwandishi wa msafara huo, Pero Vaz de Caminha, alimwandikia mfalme wake barua ndefu ya tarehe 1 Mei 1500 kuhusu nchi ile mpya. Ndani yake kuna jambo dogo ambalo mimi, mtoto wa seremala, kila mwaka narudi kulisoma. Maseremala wa meli walikuwa wakichonga msalaba mkubwa wa kusimika ufukweni, na wenyeji wakaja wengi kuwatazama. Caminha anasema, kwa haki kabisa, kwamba anadhani walivutwa na zana kuliko msalaba. Watu wale hawakuwa na chuma. Miti yao waliikata kwa mawe yaliyochongwa kama kabari na kufungwa barabara kwenye mti. Fikirini basi wanaume wenye nguvu, wanaojua msitu wao mti kwa mti, wanaliona shoka la chuma likizama katika gogo kwa pigo moja. Biashara ya karne tatu zilizofuata ilikuwa imeanikwa yote pale mchangani: mti upande huu, shoka upande ule.

Jina “brazili” halikuanzia Brazili. Watia rangi wa Ulaya walikuwa wakiununua mti wa sapani kutoka Asia karne kadhaa kabla, kwa mikono ya wafanyabiashara Waarabu waliouita bakamu, nao wakaupa jina linalofanana na neno lao la kaa la moto, brasa kwa Kireno. Marco Polo anasimulia kwamba alichukua mbegu zake Sumatra akazipanda kwao Venice, zisiote hata moja kwa ajili ya baridi. Basi Wareno walipoukuta upande wa pili wa Atlantiki mti wenye rangi ileile, bila kulazimika kupita kwa Mwarabu wala kwa Mvenisi, walijua mara moja kwamba wameokota mali. Nchi yenyewe Cabral alikuwa ameipa jina la Msalaba wa Kweli, baadaye ikaitwa Nchi ya Msalaba Mtakatifu. Halikudumu. Mabaharia na wachuuzi waliiita kwa kile walichokifuata huko. João de Barros, mwanahistoria wa Kireno wa karne ya 16, aliliona jambo hilo kuwa kazi ya shetani, kwamba mti wa kutia nguo rangi umechukua nafasi ya mti wa msalaba. Hata neno la Kireno la kumwita mwananchi wa Brazili, brasileiro, limeundwa kama majina ya kazi yanavyoundwa katika lugha hiyo, kama sisi tunavyosema mvuvi au mwashi. Mwanzoni lilikuwa la mtu anayefanya biashara ya mti huo. Taifa la watu zaidi ya milioni 200 linajiita kwa jina la kazi ya wapakia magogo.

Wenyeji wa pwani, wasemaji wa Kitupi, walikuwa na jina lao: ibirapitanga. Ibira ni mti, pitanga ni wekundu. Wamemaliza.

Na mti wenyewe ukoje? Si mkubwa wa kutisha. Mara nyingi una mita 10 hadi 15, ingawa ndani ya msitu mnene huweza kupanda zaidi. Shina na matawi yana miiba, hata ganda la mbegu lina miiba, ndiyo maana mwanasayansi Mfaransa Lamarck alipoupa jina la kisayansi mwaka 1785 alitumia neno echinata, lenye miiba. Majani yake ni madogo madogo, yamepangika kama ya mkwaju, na ua lake ni la manjano lenye harufu nzuri, petali moja ya katikati ikiwa na doa jekundu kama mtu aliyegusa kwa kidole chenye hina. Ganda likikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali. Unaota katika msitu wa pwani ya Atlantiki tu, kuanzia Rio Grande do Norte hadi Rio de Janeiro, na duniani kwingine kote haujatokea wenyewe. Mwaka 2016 wataalamu wa mimea waliupa jenasi yake peke yake, Paubrasilia, kwa kuwa hauna mwenzake wa karibu kiasi cha kuwekwa naye nyumba moja.

Ukiukata leo hauoni wekundu. Mafundi, sikilizeni hapa. Mbao ya nje ni nyeupe, haina kazi. Kiini kikipasuliwa kinatoka na rangi ya chungwa, karibu manjano. Unakiacha kwenye hewa, na kadiri siku zinavyokwenda kinazidi kuiva hadi kuwa chekundu kilichokolea. Brazilini yenyewe karibu haina rangi. Hewa ndiyo inayoibadili kuwa brazileini, ambayo ndiyo nyekundu. Kwa hiyo waliofananisha mti huu na kaa la moto walipata zaidi ya walichokusudia, maana hata kaa huiva likipulizwa.

Mtia rangi wa Antwerp au Florence alipokea unga au vipande, akaviloweka, akavichemsha. Nguo ilichemshwa kwanza na shabu, kwa sababu bila shabu rangi inaoshwa na mvua ya kwanza. Wasuka mikeka wetu wanaochemsha ukindu na magome ya mkandaa wanajua kazi hii yote: moto upi, muda gani, chombo gani. Chungu chenye chuma kinaifanya rangi kuwa nyeusi nyeusi. Kidogo cha majivu kinaizidisha. Mlichokiona kwenye glasi zangu ndicho walichokiona wao, na kwa mti mmoja walipata rangi kuanzia waridi hadi zambarau.

Sasa kazi ya kuutoa msituni. Mwaka 1502 mfalme wa Ureno aliikodisha biashara hiyo kwa kundi la wafanyabiashara wa Lisbon, akiwamo Fernão de Noronha, ambaye kisiwa kimoja cha Brazili kinabeba jina lake mpaka leo. Vikajengwa vituo vichache ufukweni, vibanda vya kuhifadhia magogo hadi meli ije. Mwaka 1511 meli iitwayo Bretoa ilipakia magogo zaidi ya 5,000 kule Cabo Frio, na daftari la safari yake limehifadhiwa. Humo, pamoja na magogo, wameandikwa kasuku, na wameandikwa watu zaidi ya 30 waliochukuliwa utumwani. Daftari moja. Nasoma hesabu ile nikiwa nimekaa nusu saa kwa gari kutoka Kilwa Kivinje, mji ambao nao ulihesabu watu hivyo, na siwezi kuipita haraka.

Aliyeukata mti hakuwa Mreno. Watupi ndio waliokwenda msituni, wakaangusha, wakamenya mbao nyeupe, wakakata vipande vya kubebeka, wakavileta pwani kwa mabega matupu, kupanda na kushuka milima, kwa sababu wanyama wa kubeba mizigo hawakuwepo. Waliondoka na mashoka, visu, mikasi, vioo na nguo. Msije mkadhani walipunjwa kama watoto. Shoka la chuma lilikuwa mabadiliko ya maisha. Liliwafyekea shamba, likawachongea mtumbwi. Lakini angalieni lilivyojilipa: mtu aliyepewa shoka kwa kukata miti aliweza sasa kukata miti mingi zaidi, na msimu uliofuata meli zilikuja zinazotaka mingi zaidi. Wafaransa nao walikuwa wameshaingia, wakifanya biashara na Watupinamba, tawi la Watupi, huku Wareno wakifanya na jirani zao, na vita vya zamani baina ya vijiji vikapata chuma.

Mwaka 1557 kijana Mfaransa, Jean de Léry, fundi viatu aliyekuwa akisomea uchungaji, alifika ghuba ya Guanabara, pale ilipo Rio de Janeiro leo. Alikaa karibu mwaka mmoja, na mwaka 1578 akachapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Humo ameandika mazungumzo yake na mzee mmoja wa Kitupinamba. Mzee hakuandikwa jina. Nitawasimulia kwa maneno yangu mwenyewe, maana ndiyo yaliyonifanya niandae mhadhara huu.

Mzee alikuwa na jambo linalomkera: kwa nini watu hawa, Wafaransa na Wareno, wanavuka bahari yote hiyo kuja kutafuta kuni? Kwao hakuna? Léry akamweleza kwamba si za kukoka moto, ni za rangi, kama wao wenyewe wanavyotia rangi kamba zao za pamba na manyoya yao. Mzee akaelewa hapo hapo, kazi hiyo aliijua. Akarudi na swali la pili: na mnaihitaji mingi kiasi hiki? Léry akajibu kwamba kwao kuna mfanyabiashara ambaye peke yake ana nguo na visu na vioo vingi kuliko vyote ambavyo mzee amewahi kuona, na mtu wa namna hiyo hununua shehena za meli nyingi mwenyewe. Mzee akataka kujua kama tajiri huyo hafi. Anakufa, kama wengine. Na akifa, mali ni ya nani? Ya watoto wake, au ndugu zake. Hapo mzee akatoa hukumu yake: basi ninyi ni wapumbavu wakubwa, mnateseka baharini ili kuwalimbikizia watu ambao ardhi iliyowalisha ninyi ingewalisha na wao. Sisi pia tunawapenda watoto wetu, akasema kwa maana hiyo, lakini tunaamini ardhi itawatunza, na tunapumzika.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama mashairi ya mtu wa porini mwenye hekima. Mimi nakisikia tofauti. Mzee yule anahoji kama mtu wa hesabu. Hakupinga mti kukatwa, na rangi aliijua. Aliuliza ni nani anayetaka, anataka kiasi gani, na kikomo chake kiko wapi. Yule aliyesimama karibu na mti kuliko wote, aliyeubeba begani, hakuwa amewahi kuambiwa unakwenda kwa nani.

Ulikwenda mbali. Amsterdam mwaka 1596 lilifunguliwa gereza la vijana wazururaji na wahalifu, na kazi yao ilikuwa kusaga mti wa brazili. Watu wawili walishika tupa kubwa, kama msumeno wenye safu kadhaa za meno, mmoja huku mmoja kule, wakikwaruza gogo hadi liwe unga wa kuuzwa kwa watia rangi. Ni mti mgumu ajabu. Unga mwekundu uliwagandama mwilini pamoja na jasho. Gereza lilijulikana kwa jina la kazi yenyewe, Rasphuis, nyumba ya tupa, na lango lake bado lipo katika mtaa wa Heiligeweg. Wanunuzi wa nguo wanapita chini yake kila siku. Nafikiri juu ya bega la Mtupi na mkono wa mfungwa wa Amsterdam, ncha mbili za gogo moja, na katikati wale wote waliopata faida.

Sheria nayo ilikuja mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 12 Desemba 1605 mfalme alitoa kanuni za mti wa brazili: hakuna kukata bila kibali cha maandishi, kiwango kwa mwaka kisizidi kintali 10,000, na atakayekamatwa na zaidi ya kintali 100 bila kibali auawe na mali yake itaifishwe. Kintali ilikuwa kama kilo 60 hivi. Kanuni zile zilikemea hata ukataji wa hovyo unaoua mashina yasichipue. Mtu akizisoma leo anaweza kumwita mfalme yule mhifadhi wa mazingira. Alikuwa analinda bei. Mti ulikuwa mali ya ufalme, na kiwango kiliwekwa kwa ajili ya hazina. Magendo yaliendelea katika kila mlango wa mto, kwani aliyeishi kando ya msitu hakuwa na fungu lolote katika sheria hiyo isipokuwa kunyongwa.

Rangi ya brazili ina udhaifu mmoja, haivumilii jua. Pazia zuri la mwaka huu ni pazia lililopauka miaka michache baadaye. Kwa hiyo mwaka 1856 kijana William Perkin alipopata London rangi ya kwanza ya viwandani kutokana na lami ya makaa ya mawe, na mwaka 1868 Wajerumani Graebe na Liebermann wakaweza kuunda alizarini, ile nyekundu imara iliyokuwa ikitoka kwenye mizizi, mti wa brazili haukuwa na la kujitetea. Biashara ya rangi ikafa ndani ya muda mfupi. Ungedhani mti sasa umepona.

Msitu ulikuwa unaondoka kwa sababu nyingine. Watia rangi walichukua mti mmoja mmoja. Miwa, kahawa, ng'ombe na miji vilichukua ardhi yote. Msitu wa Atlantiki wa Brazili umebaki takriban asilimia 12 ya ulivyokuwa, umekatika vipande vipande, na mti wa brazili unaishi katika vipande hivyo.

Na wakati huohuo ulikuwa umepata mnunuzi mpya. Naomba sasa kile kipande.

Hiki hapa. Kina rangi ya tende iliyoiva. Kipitisheni, lakini kirudi. Mwishoni mwa karne ya 18, fundi wa Paris aitwaye François Xavier Tourte, aliyezaliwa katika familia ya watengeneza pinde, alikuwa akitafuta mti wa upinde wa fidla. Mmemwona mpiga fidla wa taarabu: mkono wa kulia unakwenda na kurudi, na ule ufito anaoushika ndio ninaousema. Unatakiwa uwe mwembamba lakini usilegee, upindwe kwa moto na usirudi ulivyokuwa, uwe mzito kiasi cha kushika waya na mwepesi kiasi cha kuruka. Tourte alijaribu miti mbalimbali, akaishia kwenye magogo ya rangi kutoka Brazili, yaliyokuwa yakiitwa Pernambuco kwa jina la jimbo yalikotoka. Urefu aliouweka, kama sentimita 74 na nusu, na mpindo wake wa kuelekea ndani, ndiyo vipimo ambavyo dunia nzima bado inavifuata. Mafundi wamejaribu miti mingine, wamejaribu nyuzi za kaboni, na baadhi ya pinde hizo ni nzuri sana. Muulizeni mpiga fidla mkubwa anatumia upi, atawatajia Pernambuco.

Chukueni glasi hii ya maji ya kawaida. Nakitumbukiza kipande. Kimezama kama jiwe. Na hiki cha pili ni mpingo, wa kwetu, kutoka kwa fundi mmoja aliyeko humu ukumbini. Nacho kimezama. Vimelala pamoja chini ya glasi, na hivyo ndivyo vinavyolala katika okestra: klarineti ya mpingo mkononi mwa mtu mmoja, upinde wa brazili mkononi mwa jirani yake. Miti miwili ya pwani mbili ambazo meli za Cabral zilizigusa katika mwaka mmoja, yote miwili mizito, inayokua polepole, na yote miwili inanunuliwa kwa ajili ya sauti ambayo watu wa mahali inapoota husikia kwa nadra.

Upinde mmoja hauhitaji mti mkubwa, lakini unahitaji ufito ulionyooka bila fundo wala ufa, na sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa takataka za karakana. Mwaka 2007 mti wa brazili uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Lakini udhibiti uligusa magogo, mbao na fito. Pinde zilizokamilika ziliachwa nje. Mnaona mwanya ulipo. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, maneno ya orodha yalirekebishwa ili pinde zinazotoka Brazili kwa mara ya kwanza nazo zihitaji kibali. Wapiga muziki wa Ulaya na Marekani waliogopa kunyang'anywa vyombo vyao mipakani, na hofu yao naielewa, maana upinde mzuri ni mkono wa pili wa mtu. Lakini miaka 15 ni mingi kwa mti ambao kiini chake kinahitaji miaka 25, 30 au zaidi ndipo kifae.

Brazili iliutangaza kuwa mti wa taifa kwa sheria ya mwaka 1978, na tarehe 3 Mei ni siku yake. Watoto wanaupanda katika viwanja vya shule. Wapo pia watengeneza pinde walioanza kupanda miche maelfu kwa fedha zao. Navutiwa zaidi na kitu kingine, mashamba ya kakao ya kusini mwa Bahia yanayoitwa cabruca. Wakulima wa huko hawakufyeka msitu wote. Walisafisha vichaka vya chini, wakaacha miti mirefu iwe kivuli cha kakao. Chini ya kivuli hicho mti wa brazili umeendelea kuota mpaka leo, kwa sababu mkulima alikuwa na haja nao ukiwa umesimama. Mwaka 1989 ukaingia ugonjwa wa ukuvu, wakulima wanauita fagio la mchawi, kakao ikaanguka, wakulima wakafilisika. Wengi waliuza miti ya kivuli. Mti uliosalimika na wafalme na Wafaransa ukakatwa kwa deni la duka.

Msije mkadhani habari hii imeishia huko. Ndugu zetu wa Kigoma wana mkurungu, ambao Wakongo wa Katanga na Wazambia wanauita mukula. Jina lake la kisayansi, Pterocarpus tinctorius, maana yake ni wa kutia rangi. Unga mwekundu wa miti ya jamii hiyo Wakuba wa Kasai waliuchanganya na mafuta, wakajipaka katika sherehe na kuwapaka maiti wao kwa heshima.  Katika muongo uliopita magogo yake yalijazwa kwenye makontena kwenda China kuwa samani, kwa sababu wekundu wake unakaribia ule wa mbao za kifahari za huko, na mwaka 2019 nao ukaingizwa CITES. Vijana waliokata msituni walilipwa kwa gogo, fedha ya siku chache. Mzee wa Guanabara angewauliza yaleyale.

Wazee wa vijiji vyetu vya Kikole na Kisangi, kama mmo humu, mniwie radhi kwa kuwataja hadharani. Mwaka 2009 misitu yenu ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora, ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na vijiji. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kijiji kinaweza kuwa na msitu wake wa hifadhi, kikahesabu miti yake, kikaamua mwaka huu ikatwe mingapi, na fedha ikaingia katika mfuko wa kijiji. Nimeiona kamati ya maliasili ikitembea msituni na kamba ya kupimia, mtu mmoja akiita unene wa shina, mwingine akiandika katika daftari la kurasa mia, la shule, lenye jedwali la hesabu nyuma yake. Nililiomba nilishike. Mpingo, namba, unene kwa sentimita, umenyooka au umepinda, ubaki au ukatwe. Kalamu ilikuwa imevuja pembeni.

Hii basi si habari ya mti tu. Daftari la Bretoa liliandikwa melini. Kanuni za 1605 ziliandikwa katika kasri. Daftari la Kikole limeandikwa chini ya mti wenyewe, na mtu ambaye kesho atapita hapo tena akienda shambani. Halijatatua kila kitu. Mpingo unahitaji miaka 70 na zaidi, na wanunuzi hawana subira hiyo, wala wezi wa mbao. Ila swali la kiasi gani safari hii linaulizwa na mtu mwenye uwezo wa kulijibu.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Glasi nitaziacha mezani. Ile ya kati, ambayo sikuigusa, imekolea tangu nilipoanza kuzungumza, bila ndimu wala magadi. Ni hewa tu ya ukumbi huu. Njooni muione kabla haijamwagwa. Vipande vimebaki vingi na magadi yapo, anayetaka kujaribu ajaribu, wanafunzi kwanza. Wenye kanzu nyeupe wakae mbali kidogo na ile ya tatu.